Maji Aliyoyasikia Mathieu Katsuva (1939–1987)

Wasifu huu umeandikwa na mdogo wake Adeline pamoja na mjane wake, usomwe kaburini, Bunia, tarehe 11 Agosti 1987.

Ndugu zetu mliotoka Butembo, wakwe zetu wa Bogoro, majirani wa Ngezi, na ninyi nyote mliowahi kukaa kwenye kile kiti cha studio mkiambiwa msicheke: tunayemlaza leo ni Mathieu Katsuva. Alizaliwa Butembo tarehe 14 Machi 1939, mtoto wa mzee Paluku, muuza mboga, na mama Kahindo, ambao wote wawili walishatangulia. Alibatizwa kwa jina la Mathieu. Miaka ile serikali ilipokataza majina ya Kikristo, alibaki Katsuva tu kwenye karatasi, lakini nyumbani mama yetu aliendelea kumwita Mathieu kwa sauti kubwa, dirisha likiwa wazi, na hakuna aliyethubutu kumnyamazisha.

Masomo ya msingi aliyafanya kwa mapadri wa Butembo, kuanzia mwaka 1946 hadi 1952. Baadaye alikaa miaka mitatu seminari ndogo. Padri tuliye naye hapa atatuvumilia tukisema kwamba kanisa lilimpoteza Mathieu kwa sababu ya kamera ya kanisa lenyewe. Padri mkuu wa pale alipenda kupiga picha za ubatizo, na Mathieu ndiye aliyepewa kazi ya kumshikia mwavuli jua lisiingie kwenye kioo. Akawa anatoroka Kilatini ili akashike mwavuli. Mwisho wa mwaka wa tatu aliambiwa arudi nyumbani, naye alirudi bila chozi hata moja, akiwa ameshajua kusafisha filamu.

Alianza kazi Irumu, kwa mpiga picha mmoja wa pale, mwaka 1958. Mwaka 1966 alihamia Bunia, na mwaka 1969 akafungua studio yake mwenyewe. Ilikuwa na jina zuri lililoandikwa juu ya mlango, lakini mji mzima uliiita Foto Usicheke. Ofisi ya vitambulisho ilikuwa ikikataa picha zinazoonyesha meno, kwa hiyo kila aliyeketi alisikia neno lile lile: "Usicheke kwanza. Utacheka nikimaliza." Alilisema kwa wanajeshi, kwa maharusi, hata kwa mtoto mchanga asiye na jino lolote. Tulimtania sana kwa hilo.

Alikuwa na kasoro moja ya kazi, nayo tuitaje, kwa sababu ndiyo inayobeba mengine. Watu wa nyumbani hakuwapiga picha. Kila tulipoomba, jibu lilikuwa kesho. Filamu ilikuwa adimu, wateja walikuwa wanangoja mlangoni, na ndugu, alisema, hawakimbii popote.

Tarehe 12 Juni 1971 alifunga ndoa na Félicité, binti wa Bogoro, katika parokia yetu ya hapa Bunia. Wengi walishangaa kuona mfanyabiashara wa Butembo, asiyejua kushika hata kamba ya ng'ombe, akienda kuoa kwenye nyumba ya wafugaji. Mama yake Félicité, mjane Elisabeth, aliyekuwa akiendesha zizi peke yake, hakushangaa wala hakupinga. Alimchunguza kwa mbali, akamkubali. Nasema kwa mbali kwa sababu, kama mjuavyo, kwa adabu ya pande zetu mkwe wa kiume na mama mkwe hawakai uso kwa uso. Elisabeth alipofika nyumbani kwao, mtaa wa Ngezi, alikaa ameelekea ukutani au nje ya dirisha, na alisema na Mathieu kwa kupitia Félicité, ingawa wote watatu walikuwa wanasikiana vizuri kabisa.

"Félicité, ambia bwana yako kama ngombe yake ya kule Bogoro ilizala."

"Félicité, ambia mama kama nimefurahi. Ilizala mume ao muke?"

"Ambia bwana yako: muke. Na iko na nguvu."

Félicité alikuwa ameacha zamani kurudia maneno hayo. Alikaa katikati yao akitoa maganda ya maharage, na ujumbe ukapita juu ya kichwa chake. Mathieu alimpenda sana mama huyu. Alikuwa akisema kwamba ndiye mtu pekee pande hizi anayefikiri kabla ya kusema naye.

Sasa tufike kwenye maporomoko. Chini ya Bogoro, pale nchi inapoanza kushuka kuelekea ziwa, kuna mto unaoanguka kwenye jabali jeusi, mahali ambapo hakuna barabara. Michel, mdogo wake Félicité, kijana mwalimu aliyependa kucheka, alikuwa amemsimulia Mathieu habari za maji hayo tangu siku ya posa. Mathieu alitamani picha ambayo hakuna studio nyingine iliyo nayo. Mwezi wa Februari 1974, wakati wa kiangazi, alipanda lori na mkewe mpaka Bogoro, na asubuhi iliyofuata yeye na Michel walijiandaa kushuka kwa miguu. Mama Elisabeth alikuwa akikamua. Hakugeuka.

"Félicité, ambia bwana yako: kule ku mayi, mutu hapatiake mayi mugongo. Akimaliza kuangalia, arudie nyuma-nyuma mupaka fasi hawezi kuiona tena. Michel anajua."

"Félicité, ambia mama kama nimesikia," alisema Mathieu.

Kutoyapa maji mgongo ilikuwa desturi ya ukoo wao, tangu kwa mababu, na Wakristo wa ukoo huo waliishika kama wanavyoshika kuvua kofia mbele ya mzee. Mathieu hakuidharau. Kwa mpiga picha wala haikuwa ngumu, maana macho yake yangekuwa kwenye maji muda wote.

Walishuka mpaka jua likawa kichwani. Mathieu alimsimulia mkewe baadaye kwamba aliyasikia maji yale kifuani kabla ya kuyasikia masikioni. Walipofika hawakuweza kuzungumza, walionyeshana kwa mikono. Michel alirusha konzi ya majani mabichi, kama walivyofanya wakubwa wake. Rasharasha ililowesha kioo, Mathieu akakifuta kwa pindo la shati, akapiga, akafuta, akapiga. Hapakuwa na ndege hata mmoja. Filamu ilipokaribia kwisha alitazama ndani ya kamera, akaona jambo lililomkasirisha: bila mtu, ukubwa wa maji haukuonekana. Kwenye picha yangeonekana kama kijito cha nyuma ya nyumba.

Akamwomba Michel asimame kwenye jiwe bapa, karibu na dimbwi. Michel akasimama akiyaelekea maji, kama ilivyo haki. Kwenye kioo Mathieu aliona mgongo wa shati. Hiyo haikuwa picha ya mtu. Akamfuata, akamsemesha sikioni.

"Geuka."

"Beau-frère, shemeji, na maneno ya mama?"

"Ni kidogo tu. Mayi haitajua, nitakuwa nimemaliza."

Michel alicheka, akageuka. Mathieu akabonyeza. Alisahau kumwambia asicheke.

Kisha wakarudi kinyumenyume mpaka kwenye kona, wote wawili, kwa adabu, wakishikana mikono wasianguke. Walifika nyumbani wakiwa na njaa na furaha, wakala ugali na maziwa, na hakuna lililowapata.

Picha ile ilikuwa bora kuliko zote alizowahi kupiga, na aliiweka dirishani mwa studio. Mchoraji Kule, aliyekuwa akiandika majina ya maduka, aliitazama akasema anaweza kuigeuza kuwa pazia la nyuma ya kiti. Akashona mashuka, akachora maporomoko yale kwa rangi za mafuta, akamwondoa Michel, akalifanya dimbwi kuwa la bluu, na kwa akili yake mwenyewe akaongeza bata wawili. Bunia ikachanganyikiwa. Kila mtu alitaka kupigwa mbele ya maji. Maharusi, wanakwaya, wanajeshi walio likizo, wazee wenye fimbo zao, wote waliketi kwenye kile kiti na kuyapa maji mgongo. Wengi wenu mna picha hiyo sebuleni mpaka leo.

Mwanzoni mwa mwaka 1975 mama Elisabeth alikuja kwa ubatizo wa mjukuu wake Suzanne. Alipita studioni, akasimama mlangoni, akaona foleni na pazia. Alikaa pale kitambo.

"Félicité, ambia bwana yako," alisema, "batu ni wengi."

Jioni ile Mathieu hakula.

Tarehe 20 Oktoba mwaka huo huo, mvua zikiwa zimeshika, Michel alikuwa akivusha ndama kwenye mto ule ule, mbali sana juu ya maporomoko, mahali alipovuka tangu utoto wake. Maji yalimchukua. Waliomtafuta walimkuta chini, kwenye lile dimbwi, karibu na jiwe bapa.

Msiba ulipowekwa, watu waliomba picha ya marehemu, iwekwe mezani kando ya msalaba. Hapo ndipo kasoro ya kazi ilipojitokeza. Katika nyumba nzima ya mpiga picha hapakuwa na picha yoyote ya Michel akiwa mtu mzima, isipokuwa ile moja. Mathieu angeweza kusema imeharibika. Aliingia chumba cha giza, akaweka karatasi kwenye dawa, akangoja. Wanaojua kazi hiyo wanajua inavyokuwa. Kwanza jabali likaja, jeusi. Kisha nywele za Michel, kisha macho, kisha meno. Maji hayakuja, kwa sababu maji meupe ndiyo karatasi yenyewe iliyobaki tupu. Michel alisimama pale chini ya ile dawa akicheka, na nyuma yake hapakuwa na chochote. Mathieu alimtoa kwa mikono yake, akamwanika.

Aliikata picha kifuani ili maji yasionekane, lakini weupe ulibaki pande zote za kichwa. Mama Elisabeth aliipokea kwa mikono miwili. Aliitazama muda mrefu, na kila aliyekuwapo aliona kwamba anajua ilipopigwa, na kwamba mwanawe alikuwa ameelekea wapi.

"Félicité, ambia bwana yako aksanti."

Tulipokwenda Bogoro kumaliza matanga, picha ilikuwa imetundikwa ukutani kwa mama, uso ukiwa umegeuziwa ukuta. Tuliona kadibodi tu. Hakuna aliyeuliza. Mathieu aliitazama kadibodi ile kila alipokwenda Bogoro, na kila alipotoka pale alikuwa amepungukiwa na kitu. Alitaka neno moja tu kutoka kwa mama huyo, hata la lawama. Lakini aliletewa habari za ng'ombe na za mvua na salamu kwa watoto, na salamu hizo zilimtesa kuliko matusi.

Aliporudi kutoka matangani alilishusha pazia, akalikunja, akalitupa juu ya dari. Wateja walinung'unika, wengine walihamia studio nyingine. Na hapo ndipo alipoanza kusikia maji. Mnajua mabomba ya Ngezi, kiangazi yanakauka kabisa. Katikati ya chakula Mathieu alikuwa akinyanyuka kwenda kufunga bomba lisilotoa hata tone. Félicité alimwonyesha: "Angalia, ni kavu." Akarudi kukaa. Baada ya kitambo aliinua kichwa tena. Watoto walidhani ni mchezo, wakawa wanamuuliza, "Papa, leo mayi iko wapi?" naye akawajibu kwa kuwaonyesha ukuta, leo upande huu, kesho upande ule. Alicheka nao, lakini mkono wake ulikuwa umeshika ukingo wa meza.

Hakuweza tena kuosha picha. Félicité alijifunza kazi ya chumba cha giza, na tangu mwaka 1976 picha nyingi mnazosifia zimetoka mikononi mwake. Mathieu hakupiga tena mtu yeyote karibu na mto wala ziwa. Alipokaribishwa kwenye nyumba ya mtu, alitazama kwanza picha za ukutani, zimeelekea wapi. Sisi ndugu zake tulimwambia aende kwa padri, akaenda. Aliungama, alifarijika kwa Mungu, lakini maji hayakunyamaza, kwa sababu hakuwa amesema na yule aliyepaswa kuambiwa.

Ugonjwa ulimshika mwezi wa Novemba 1986. Kikohozi kwanza, kisha pumzi ikawa fupi. Hospitalini daktari alimpima, akasema mapafu yamezungukwa na maji, akayatoa kwa sindano mpaka yakajaa kwenye chupa. Sisi tulifurahi kuona anapumua. Yeye aliitazama chupa.

"Kumbe ilikuwa imebakia humu," alisema.

Daktari alitueleza vizuri kwamba ni ugonjwa unaojulikana, unawapata wengi, na tunamwamini. Lakini uso wa Mathieu siku ile hatutausahau. Maji yalirudi, yakatolewa tena, yakarudi. Mwezi wa Julai mwaka huu aliomba mama Elisabeth aitwe.

Alikuja. Kwa adabu yake alikaa nje, chini ya dirisha, ameegemea ukuta. Mathieu alikuwa kitandani ndani, na Félicité katikati, kama siku zote.

"Félicité," alisema Mathieu, "ambia mama kama Michel hakujigeuza yeye mwenyewe. Ni miye nilimugeuza. Alinikumbusha maneno ya mama. Nikamwambia ni kidogo tu."

Félicité hakujua habari hiyo. Alikuwa ameishi na mtu huyu miaka kumi na sita, na hakujua. Alifunga mdomo, asiufikishe ujumbe ule. Haikusaidia, dirisha lilikuwa wazi. Kisha tulisikia mama Elisabeth akinyanyuka, akiokota kikapu chake, akienda. Alipanda lori la Bogoro mchana ule ule bila kuaga mtu.

Siku zilizofuata zilikuwa nzito. Mathieu hakumuulizia. Félicité alimpa dawa, alimpa uji, lakini hakumsemesha, na tusimlaumu, kwa maana Michel alikuwa mdogo wake wa pekee. Kulikuwa na saa tulizoogopa kwamba ndugu yetu atakufa katika kimya hicho, akisikiliza ukuta.

Jumamosi ya tarehe mosi Agosti mama Elisabeth alirudi. Hakusimama dirishani. Alipita mlangoni, akapita sebuleni, akaingia chumbani alimolala mkwe wake akiwa kifua wazi. Félicité alikimbia kuchukua shuka amfunike, amwondolee mama yake aibu. Mama alimnyang'anya kitambaa cha kuogeshea, akakichovya kwenye beseni la maji ya moto, akamwinua Mathieu, akamsafisha mgongo. Kisha alizunguka, akakaa mbele yake, akamtazama usoni. Hawakuwa wamewahi kutazamana.

Haya aliyoyasema ametaka mwenyewe yasomwe leo, mbele yake, mbele ya wote.

"Ile foto niligeuzaka sababu kila asubui nilikuwa namugombeza Michel. Nilimwambia: weye ni mutoto wa hapa, weye unajua, juu ya nini hukusikia? Miaka yote nilikasirikia mufu. Sasa weye umenieleza. Nikafika Bogoro, nikakukasirikia weye. Nilikasirika sana. Sikuwa nakamua, sikuwa nasali. Nikaona: mumoja, mayi ilimukamata. Huyu wa pili, nikimuacha afe na hasira yangu, ni miye nitakuwa nimemutupa ku mayi."

Mathieu alikuwa anatafuta pumzi. Alipoipata aliuliza habari ya bomba, kama alivyokuwa akituuliza miaka yote:

"Robinet iko wazi?"

Félicité alifungua mdomo kusema ni kavu. Mama yake alimzuia kwa mkono.

"Na miye ninaisikia," alisema. "Tangu siku ya Michel. Lala, mutoto wangu. Tunaisikia sisi wawili."

Aliishi wiki moja baada ya hapo. Félicité alianza tena kusema naye. Hakuinuka tena kutafuta bomba. Tulipomuuliza kama maji yamenyamaza, alisema hapana, yapo, ila sasa anaweza kulala nayo. Aliaga dunia Jumapili ya tarehe 9 Agosti 1987, watu wakiwa wanatoka misa, mama Elisabeth amemshika mkono wa kuume na Félicité wa kushoto.

Marehemu ameacha mjane, Félicité. Watoto wanne, Hélène, Paluku, Suzanne na Camille. Dada wawili, Vahwere na Adeline. Na majirani na wateja ambao hatuwezi kuwataja wote. Tulipokuwa tunaandika tulisema pia kwamba ameacha mama mkwe. Mama Elisabeth aliomba asomewe, akasikia neno hilo, akasema, "Mukwe ni nani? Mutoe ile." Basi tumelitoa.

Ameacha mama mmoja, Elisabeth wa Bogoro.

Mungu amjalie Mathieu amani yake, na ndani ya amani hiyo, kimya.